Dakika tatu za kumpa Mhindi uhusika wa Shylock

Nimeigiza dada wa kazi mara tisa. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani ninayoyasimulia hapa niliyafanya kwa kutojua. Kati ya 2014 na 2018 nilikuwa Dar es Salaam nikihangaika na usaili wa tamthilia, na kila nilipofika mezani swali la kwanza lilikuwa jina, la pili "wa wapi wewe?" Nikijibu Iringa, naona nyuso zinachangamka, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta. "Basi safi, tuna dada wa kazi hapa." Sinia, ndoo, kanga kiunoni. Mara mbili waliniambia nikoleze lafudhi na kila nikiingia nianze na "kamwene", salamu ya Kihehe, hata kama nyumba ni ya Masaki na hakuna Mhehe mwingine humo ndani, maana watazamaji watacheka. Na walicheka kweli. Malipo shilingi 20,000 kwa siku, nauli juu yangu.

Nikarudi nyumbani, nikakusanya vijana kumi na wanne. Wengi wanachuo, mmoja fundi simu, mmoja dereva wa bodaboda. Mazoezi tulifanyia kwenye darasa moja Kihesa, jioni, baada ya kumpa mlinzi ya soda. Nilitaka tucheze kitu kikubwa, na kitu kikubwa kilichokuwepo nyumbani kilikuwa kwenye rafu ya baba: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, chapa ya 1969, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Shakespeare mwenyewe kwenye jina la mchezo alimtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaandika mabepari. Wakati ule sikulitilia maanani.

Kwa asiyeujua mchezo: Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia, msichana tajiri. Rafiki yake Antonio, ambaye mali yake yote iko melini, anamkopea kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba na ambaye Antonio huyohuyo amezoea kumtemea mate. Mkataba unasema deni lisipolipwa, Shylock atakata ratili moja ya nyama kwenye mwili wa Antonio. Meli hazirudi. Kesi inakwenda mahakamani.

Kugawa uhusika tulifanya Jumamosi, tukamaliza kabla ya saa sita mchana, nikajisifu kwa kwenda haraka. Kijana mmoja kwenye kikundi ni Mhindi. Kwao wana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Amezaliwa Iringa, baba yake kazaliwa Iringa, na Kihehe anakijua kunishinda mimi. Alikuja kusoma Bassanio, mistari yote iko kichwani, akalisoma lile tukio la kuchagua kati ya masanduku matatu ili kumpata Portia, mpaka fundi simu akaacha kuchezea simu yake. Nikamwambia, "Safi sana. Wewe utakuwa Shylock."

Akanitazama kidogo. "Sawa, dada."

Dakika tatu. Mstari hata mmoja wa Shylock sikumpa ausome. Kichwani nilikuwa na neno moja tu, anaendana: mtu wa duka, dini nyingine, jamii ndogo ambayo watu huisema ikigeuza mgongo. Nilijiona nimeileta Venisi Iringa. Kwa jicho hilohilo nikagawa na mengine. Portia nikampa msichana mweupe kuliko wote. Nerissa, msaidizi wake, nikampa msichana wa Kilolo mwenye lafudhi nzito. Mwana wa mfalme wa Morocco, anayekuja kumposa Portia, nikampa kijana wa Ruvuma, mweusi ti.

Huyo wa Morocco anaingia akimwomba Portia asimchukie kwa rangi yake, kwamba ni vazi tu alilovishwa na jua. Enzi za Shakespeare maneno hayo aliyasema Mzungu aliyepakwa weusi, akimwambia mvulana aliyevaa gauni, maana kwenye majukwaa ya wazi ya Uingereza wanawake hawakuigiza mpaka mwaka 1660. Kwetu karibu jukwaa zima ni watu weusi, halafu mmoja anaomba radhi kwa weusi wake mbele ya binti ambaye, mwenyewe anakiri, nusu ya weupe ule ni wa dukani. Watu walikufa kwa kicheko. Mimi pia. Kijana wa Ruvuma alicheka nao, ila mara moja tu, halafu akaanza kusoma kwa kasi kama mtu anayetaka tukio liishe.

Wiki ya tatu, aliyekuwa Antonio wetu wakati huo akabadilisha neno. Mahali pa "Myahudi" akasema "Mhindi". Darasa likalipuka. Nikasema, "Iache hiyo." Kikundi nilichokiendesha kwa miezi kilibadilika hapo, na aliyekibadilisha ni mimi. Kufikia Ijumaa neno lile lilikuwa limeingia kila tukio, na watu walikuwa wanalisubiri. Nikachapisha matangazo kwa shilingi 90,000, picha ya yule kijana ameshika mizani ya babu yake, ya shaba, yenye mawe yake kwenye kisanduku cha mbao. Mizani kaileta mwenyewe, alikuwa kaisugua mpaka inang'aa. Chini ya picha nikaandika maneno ya kuchekesha ambayo sitayarudia.

Halafu tukafika mahakamani. Shylock anashindwa kesi, anaamriwa abadili dini, na mali yake inagawanywa mbele yake. Anasema kwamba ukiondoa nguzo inayoshika nyumba yangu, umeichukua nyumba. Ukichukua kinachoniweka hai, umenichukua uhai. Hapo kijana akasimama, kitabu mkononi.

"Hapa nalia au nanyamaza?"

"Wewe mwenyewe ungefanyaje?"

"Sijui. Dada hakulia."

Nikadhani ananisema mimi. Nikamwambia, "Dada yupi? Mimi?" Kumbe kwa Kigujarati, dada ni babu mzaa baba. Miezi yote ile alikuwa akiniita jina analomwitia babu yake, na walikuwa wakitaniana kwao kuhusu hilo. Basi akatueleza, kwa ufupi tu, akiwa amesimama palepale. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Babu yake alikuwa na ghorofa moja mjini Iringa, chini duka, juu wapangaji. Ikaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Babu akawa anapita nje yake kila asubuhi kwenda kufungua duka dogo alilopanga.

Hakuna aliyecheka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja, simu imezimwa. Siku ya nne nikapata ujumbe: "Dada, babu anakuita dukani. Siyo ugomvi."

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa neno lile. Mzee alikuwa kakaa nyuma ya kaunta, kati ya ndoo za misumari, kofia ya sufi kichwani kwa baridi ya mwezi wa saba. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa yenye tangawizi. Akavuta droo, akatoa tangazo langu, limekunjwa mara nne. Akalinyoosha kwa kiganja juu ya kaunta.

"Ratili ni kiasi gani?"

"Kama nusu kilo, babu."

"Gramu 453 na ushee. Nimepima kwa ratili kabla hamjaletewa kilo." Akanywa chai. "Na kitabu chako kinaitwaje?"

"Mabepari wa Venisi."

"Mabepari wangapi?"

Nikanyamaza.

"Ni wengi. Antonio ana meli. Yule kijana anatafuta mke mwenye mali. Msichana ana sanduku la dhahabu. Mwalimu kaandika wote. Wewe umemwona mmoja."

Alikisoma kitabu chote, na alikisoma zamani. Nikaanza maneno yangu ya msamaha, akanikatiza, bila ukali. Alisema habari ya ghorofa alishaimaliza, hakwenda Kanada kama ndugu zake, na hataki mtu amlilie. "Lakini huyu mtoto akisimama pale akasema wamechukua nyumba yangu, watu watacheka. Umeshawazoesha kucheka."

Usiku ule nilimaliza bando lote nikisoma. Nilidhani nitakuta watu wameshalimaliza huko ng'ambo suala hili la nani acheze nani. Nikakuta bado wanavutana. Nilimsoma Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807 akavuka kwenda Uingereza kutafuta jukwaa. Mwaka 1833 Edmund Kean, mwigizaji Mzungu maarufu, alianguka jukwaani akiwa Othello, yule jemadari mweusi wa Shakespeare anayemuua mkewe kwa wivu, na ukumbi wa Covent Garden ukamwita Aldridge kushika nafasi hiyo. Magazeti ya London yakamtukana kwa rangi yake, akacheza usiku mbili tu pale. Akaenda mikoani, kisha Ulaya mpaka Urusi, na huko alicheza Lear, Macbeth na Shylock, akijipaka weupe usoni. Alifia Poland mwaka 1867 akiwa bado kazini. Nikaganda kwenye Shylock. Mtu mweusi aliyetukanwa na magazeti anachukua nafasi ya Myahudi anayetemewa mate. Yeye aliichagua. Wangu nilimchagulia.

Halafu kuna Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana anayeigiza Uingereza. Mwaka 1998 alisema hadharani kwamba pengine Othello ndiyo nafasi ambayo mwigizaji mweusi hapaswi kuicheza, kwa sababu mwili wake unafanya uongo juu ya watu weusi, kwamba ni wepesi wa wivu na hasira, uonekane kweli. Mwaka 2015 akaicheza, Stratford, na kampuni ya Royal Shakespeare. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba Iago, yule mchonganishi, alikuwa Lucian Msamati, mtoto wa wazazi Watanzania. Kukiwa na weusi wawili jukwaani, na mmoja ndiye mwenye akili ya kupanga kila kitu, huwezi tena kusema wivu wa Othello umetokana na rangi. Nililipenda hilo jina la Msamati pale, katika nafasi ambayo hakuna mtu mezani angesema "anaendana".

Nikaitisha kikao. Wa kwanza kubisha alikuwa fundi simu, na hakubisha kijinga. "Dada, mtazamaji lazima aamini. Ukimweka Mhindi awe Antonio, nani ataamini?"

Kijana, aliyekuwa amerudi na kukaa karibu na mlango, akamjibu, "Mbona wewe wa Ipogolo umeaminiwa kuwa Mtaliano?"

Tulipomaliza kucheka, msichana wa Kilolo akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Na mimi, dada? Nerissa nilipewa kwa nini?"

"Sauti yako inafaa."

"Sauti au lafudhi?"

Miaka minne Dar, sinia tisa, na swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote aliyekaa upande wa pili wa meza. Aliniuliza mimi. Nilimwambia ukweli: lafudhi. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, mpaka leo sijui nini.

Tukaanza upya. Tulifunga kanga mbili kwenye kamba kukatiza darasa, msomaji anakaa nyuma yake, anaitwa kwa namba, anasoma vipande vitatu vya watu tofauti. Kama unapanga kufanya hivi, sikiliza makosa yangu. Kanga inaficha sura, haifichi lafudhi. Na baada ya mwezi wa mazoezi sote tulikuwa tunajuana sauti hata kwenye kikohozi. Kilichotuokoa ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili niliyemleta siku hiyo, asiyemjua yeyote, nikampa yeye kauli ya mwisho. Fanya siku ya kwanza kabla hamjazoeana, na lete sikio la nje.

Mwalimu alimpa msichana wa Kilolo Portia. Alisema ndiye pekee aliyesoma hotuba ya huruma, ile ya Portia mahakamani, kama mtu anayejaribu kumshawishi mtu, wengine walikuwa wanakariri. Kijana wetu alipata Antonio, siyo Bassanio aliyemtaka. Alikubali ila alinuna siku mbili. Na Shylock ikaangukia kwa mwanachuo mmoja mpole, Mkinga wa Makete.

Wenye kuijua Nyanda za Juu Kusini mmeshaanza kucheka. Wakinga wanajulikana kwa biashara kuanzia Makambako hadi Kariakoo, na maneno yanayosemwa juu ya utajiri wao mnayajua. Fundi simu hakukawia: "Umetoa Mhindi, umeweka Mkinga!" Nilitaka kukata tamaa. Kila nitakayemweka pale, watu watamtafutia sababu.

Safari hii lakini nilimfuata yule Mkinga nje, peke yake, nikamwambia watu watasema nini, nikampa siku mbili afikirie. Hapa ndipo nilipoteleza mara ya kwanza kuliko mahali pengine popote. Mdogo wako akikuambia "sawa, dada" mbele ya watu kumi na watatu, hajakubali, ana adabu. Kukataa mbele za watu kwetu ni kukuvunjia heshima, kwa hiyo usiulize mbele za watu. Baada ya siku mbili akaja na sharti: neno lisibadilishwe, Myahudi abaki Myahudi. "Nikiwa Mkinga wanacheka. Nikiwa Myahudi itabidi wasikilize anavyosema." Nikakubali hapo hapo.

Gharama zilikuwa za kweli. Msichana aliyekuwa Portia aliondoka na rafiki yake, na sina uhakika kama nilimtendea haki, maana hata yeye nilimchagua kwa ngozi na nikamwacha bila kumweleza vizuri. Malipo ya awali ya ukumbi, 150,000, yalipotea tulipoahirisha. Matangazo yalichapishwa upya kwa 90,000, bila picha ya mtu. Yale ya kwanza tuliandikia nyuma yake mistari ya mazoezi. Nilikopa 300,000 VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na ndiyo, wenzangu walinitania kuhusu ratili ya nyama mpaka nilipomaliza kulipa.

Jambo moja la ofisini, haraka. Kibali cha afisa utamaduni kila mtu anakikumbuka. Haki za tafsiri watu husahau. Shakespeare alikufa 1616, huna wa kumwomba. Lakini mfasiri wetu alifariki 1999, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania inalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake. Andika barua kabla ya kugawa hata mstari mmoja. Mimi ruhusa ilinifikia siku nane kabla ya onyesho, na siku zote hizo sikuwa nalala vizuri.

Tulicheza usiku mbili. Wa kwanza watu kama sitini, wengi ndugu zetu. Kijana wa Ruvuma aliomba abaki na Morocco, ila akaomba ile mistari ya rangi awaambie watazamaji, siyo Portia. Nikamwachia. Alivyoanza, kicheko kikatoka nyuma, kilekile cha darasani. Akanyamaza. Hakuonyesha hasira, alisimama tu mikono imening'inia, anawatazama, mpaka kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kimya. Kisha akaurudia mstari kuanzia mwanzo, taratibu. Nilikuwa pembeni nimeshika tochi, nikahesabu ule ukimya: sekunde kumi na moja. Usiku wa pili hakucheka mtu, naye akasema alikuwa amejiandaa bure.

Mahakamani, kijana wetu akafungua vifungo vya shati. Mkinga akainama akanoa kisu kwenye soli ya kiatu, mizani iko mezani. Mama mmoja mstari wa mbele akapaza sauti, "Jamani msimkate mtoto wa watu!" Na Shylock aliposema ile ya nguzo na nyumba, aliisema kwa sauti ya chini mno, nusu ya ukumbi haikusikia. Babu alikuwa mstari wa pili na kofia yake. Nilimwangalia yeye kuliko jukwaa. Uso wake haukuniambia kitu.

Mwezi wa kumi na moja nilipigiwa simu kutoka Dar, tamthilia mpya, wananiuliza kama lafudhi bado ninayo. Deni la VICOBA lilikuwa halijaisha. Nilitaja 60,000 kwa siku na nauli yao, wakakubali, nikaenda nikabeba sinia.

Mizani niliirudisha dukani wiki ileile ya onyesho. Mzee akafungua kisanduku, akapitisha kidole kwenye mawe moja moja, akasimama kwenye tundu tupu.

"La gramu 200 liko wapi?"

Tulipekua ukumbi, darasa, mifuko ya nguo. Bado nalitafuta.